Majina ya maneno: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kumwita mtoto neno la kawaida ni mtindo wa vijana wa mjini."
Si kweli. Chausiku, Masika, Pili na Sikudhani ni majina ya tangu enzi. Nyerere aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua. Museveni alipewa lake kwa heshima ya askari wa Uganda wa kikosi cha saba ("seven") cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki.

"Shida, Tabu au Mashaka ni kumtabiria mtoto mabaya."
Majina haya hueleza hali ya nyumba wakati ule: mimba ngumu, njaa, msiba. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay, na pwani nzima ikamjua. Hata hivyo, wenzake darasani watamtania mtoto. Kama jina ni kumbukumbu ya uchungu, ni heri liwe la kati.

"Neno likiwa zuri, linatosha."
Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu jina halikai peke yake. Neema akiwa binti wa Shida, mwalimu ataita "Neema Shida" kila asubuhi. Andika majina yote matatu, yasome kwa sauti, kisha anza na la ukoo, maana pasipoti hulitanguliza hilo. Mwombe na bibi alitamke. Asiyetenganisha r na l atasema Balaka badala ya Baraka, na karani huandika alichosikia. Kwa hiyo mpe jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ulikague herufi kwa herufi kabla ya kusaini. Cheti cha kuzaliwa kikisema Rehema na cha shule Rehma, mtoto ndiye atakayehangaika na viapo vya wakili akitafuta chuo au kazi.

"Amani, Furaha au Tumaini litakataliwa kwa kuwa halionyeshi jinsia."
Jinsia ina nafasi yake kwenye fomu.

"Likishasajiliwa, basi."
Kenya, Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo humpa mzazi miaka 2 tangu usajili kuandikisha jina lililobadilishwa, kwa ada. Ikipita hapo, inabidi hati ya kisheria ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha kurekebisha nyaraka nyingine moja moja.