Mafuta ya nazi: sikiliza sufuria, hesabu kijiko
Mafuta mengi ya nazi yanayochacha kabla ya mwezi kuisha hayakuharibiwa na joto la Mombasa. Yaliepuliwa yakiwa bado na maji, na maji hayo ndiyo yanayoleta ule ukali unaokwaruza koo.

Chukua nazi kavu kumi. Koroma haifai, mafuta yake ni haba. Vunja kila moja uinuse kabla ya kuikuna: nazi mbovu harabu ya nzima, na hapa si methali tu, kwani moja iliyooza hunukisha sufuria yote. Kwenye mbuzi, komea nyama nyeupe. Ganda la kahawia hutia mafuta rangi. Mwagia maji vuguvugu nusu lita, kanda, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi, kisha rudia kwa maji machache zaidi. Tui lilale kwenye friji. Asubuhi engua utando mzito ulioganda juu. Maji ya chini yamwage, ukiyapika utamaliza mkaa bure.

Sufuria iwe nzito, moto mdogo, nawe ukoroge. Kwanza hutokota kwa mapovu makubwa, kisha mafuta hujitenga na shata, yaani machicha ya tui yanayobaki, huanza kushikana. Hapo ndipo wengi huepua. Ngoja. Maadamu sufuria inatatarika, maji yamo. Ikinyamaza na shata likawa rangi ya asali, epua papo hapo, kwa sababu joto lililobaki huendelea kulichoma, na likiungua mafuta yote hunuka moshi. Chuja kwa kitambaa kikavu, yapoe, tia kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Utapata nusu lita au zaidi kidogo. Shata usilitupe, ni tamu mno kwa wali.

Sasa afya. Kwa kuwa ni ya mmea, mafuta haya hayana kolesteroli, lakini zaidi ya asilimia 80 ni mafuta yaliyoshiba, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000, hizo ni gramu 22 hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya nazi kina kama gramu 12 za mafuta yaliyoshiba. Viwili, umeshapita, na bado hatujagusa tui la wali, la mbaazi wala la samaki wa kupaka! Hesabu tui pamoja na mafuta. Siku ya wali wa nazi, kitunguu nashauri ukikaange kwa mafuta ya alizeti.

Wanaoyanywa ili wapungue uzito wanajidanganya: majaribio mengi yanayotajwa yalitumia mafuta yaliyotengenezwa maalumu, si haya ya sufuriani. Kwa ngozi kavu, hapo yanafaa kweli. Paka mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu.

Bajia na viazi karai visikaangwe humu, maana mafuta yasiyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 175 hivi.

Julai, kusi ikivuma, chupa ikiwa nyeupe asubuhi usiogope. Chini ya nyuzi 24 hivi huganda. Isimamishe kwenye maji ya moto, kisha tazama chini: ukiona tabaka la ukungu, ni maji. Rudisha mafuta motoni mpaka yanyamaze.