Je, wajua kwa nini nasaba za Wamarekani weusi wengi hukwama mwaka 1870?

Mmarekani mweusi anayewatafuta mababu zake kwenye nyaraka za serikali huanza vizuri. Anafungua sensa ya 1940, anarudi 1930, 1920, 1900, 1880, na kila anaporudi nyuma anamkuta babu na bibi, watoto wao, kazi waliyofanya, hata majirani waliopakana nao. Anafika 1870. Akifungua ya 1860, hamwoni mtu. Familia nzima haimo, ingawa ilikuwa inaishi palepale, pengine kwenye shamba lilelile. Watafiti wa nasaba wanauita mpaka huo ukuta wa 1870.

Sababu imo kwenye fomu zenyewe. Marekani imehesabu watu wake kila baada ya miaka 10 tangu 1790. Mwanzoni liliandikwa jina la mkuu wa kaya tu, na waliobaki wakawa tarakimu. Mwaka 1850 serikali ikaamua kuandika jina la kila mtu, mradi awe huru. Watumwa, ambao walikuwa wamepita milioni 3, walitengewa daftari lao. Humo liliandikwa jina la bwana, na chini yake mstari mmoja kwa kila mtumwa: umri, jinsia, rangi. Mwanamke, miaka 30, mweusi. Mvulana, miaka 4, chotara. Jina hakuna, wala huwezi kujua nani mke wa nani na mtoto ni wa nani. Mwaka 1860 mambo yalikuwa yaleyale. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, kaskazini dhidi ya kusini, ya 1861 hadi 1865, na mwezi Desemba 1865 Marekebisho ya 13 ya Katiba yakaufuta utumwa nchi nzima. Watu karibu milioni 4 walikuwa wametoka utumwani, na sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina yao.

Tumchukue mwanamke mmoja ambaye habari zake zimechunguzwa na kutangazwa, tuone maisha yake yanavyoonekana kwenye nyaraka hizo. Aliitwa Melvinia.

Anaonekana mara ya kwanza South Carolina. Mwaka 1850 mzee mmoja mwenye mali, David Patterson, aliandika wosia wa kuwagawia warithi wake alivyokuwa navyo: magurudumu ya kusokotea nyuzi, miundu, vitambaa vya meza, ng'ombe. Kati ya vitu hivyo alimtaja Melvinia, msichana mweusi wa miaka kama 6. Patterson alipofariki mwaka 1852, mtoto huyo alithaminishwa dola 475. Akapelekwa Georgia, kwa binti wa marehemu aliyekuwa ameolewa na mkulima aitwaye Henry Shields. Wosia haukutaja mama yake wala baba yake. Mtoto wa umri wa kuanza shule alihamishwa jimbo, na karatasi iliyomhamisha haikuona haja ya kuuliza anamwacha nani nyuma.

Shamba la Shields halikuwa kubwa kama yale ya mamia ya watumwa tunayoyaona kwenye filamu. Lilikuwa la ekari 200, na watumwa walikuwa 3. Palilimwa ngano, mahindi, viazi vitamu na pamba. Nitoke nje ya mada kidogo kuhusu pamba hiyo ya kusini: sehemu yake ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa melini bandarini Salem, ikashushwa Unguja, na kutoka hapo vitambaa vya merikani vikaingia bara mikononi mwa wapagazi. Nguo waliyojifunga mababu wengi wa Tanganyika na Kongo ilianzia mikononi mwa watu waliofungwa kama Melvinia.

Mwaka 1860 karani wa serikali alifika shambani kwa Shields na kuhesabu mifugo: farasi 3, ng'ombe 5, nguruwe 17, kondoo 20. Takwimu hizo zipo hadi leo. Kwenye daftari la watumwa la mwaka huohuo hakuna jina la Melvinia, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya jina. Kwa hiyo anayesema kumbukumbu za watumwa zilipotea kwa uzembe wa wakati ule amekosea. Makarani walikuwa makini sana. Walijua idadi ya nguruwe. Sheria ndiyo iliyoamua kwamba huyu ni mali, na mali huandikwa chini ya jina la mwenyewe.

Sheria hiyohiyo iligusa ndoa na uzazi. Ndoa ya watumwa haikutambuliwa mahakamani, kwa hiyo haikuwa na cheti. Mtoto alifuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata baba awe nani. Virginia iliandika kanuni hiyo mwaka 1662, nayo ikaenea katika majimbo mengine ya utumwa. Melvinia alikuwa bado binti mdogo, wa miaka 15 hivi, alipomzaa Dolphus, karibu mwaka 1859. Baba alikuwa mzungu. Kwa mtumwa wa umri ule hapakuwa na sheria iliyomlinda wala mahali pa kushtaki, kwa hiyo mtu asiyaite mahusiano hayo mapenzi kirahisi.

Vita vikaisha, na Melvinia hakwenda mbali mara moja. Sensa ya 1870 inamkuta Georgia akiwa kibarua wa shamba, jirani na Charles, mtoto wa Henry Shields. Safari hii ana jina, tena ana jina la ukoo: Shields. Ana watoto wanne, na watatu wameandikwa chotara. Waliokuwa watumwa walijichagulia majina ya ukoo kwa njia nyingi, wengine wakichukua la bwana wa mwisho, wengine la bwana wa zamani alikozaliwa mama, wengine jipya kabisa. Ndiyo maana hata jina si njia ya uhakika ya kuuvuka ukuta.

Baadaye alifanya jambo linaloonyesha kwamba wosia wa Patterson haukumtoa watu wake moyoni. Alihamia karibu na mpaka wa Alabama, wakawa pamoja na Mariah na Bolus Easley, watu aliokuwa nao kwa Patterson alipokuwa mtoto. Dolphus, mwanawe, akamwoa Alice, binti yao.

Kutafutana namna hii kulitokea kote kusini. Magazeti ya makanisa ya watu weusi, kama Christian Recorder la Philadelphia, yalichapisha kwa miaka mingi matangazo ya watu wanaotafuta mama, mume au ndugu waliouzwa, wakitaja mabwana mmoja baada ya mwingine kwa sababu hiyo ndiyo anwani pekee waliyokuwa nayo. Benki ya akiba ya watu waliowekwa huru, iliyofanya kazi kuanzia 1865 hadi 1874, ilimwuliza mteja majina ya wazazi na ndugu zake. Mjane wa askari mweusi aliyeomba pensheni alilazimika kuthibitisha ndoa isiyo na cheti, hivyo akaleta mashahidi: mkunga, jirani, askari mwenzake marehemu. Katika maelezo yao mtu husikia habari za harusi, mazao na vifo ambazo hakuna sensa iliyowahi kuziuliza. Kwa maoni yangu, hakuna nyaraka za karne ile zenye uhai kuliko hizo.

Dolphus Shields alijifunza kusoma na kuandika, akawa seremala huko Birmingham, Alabama, na kufikia mwaka 1900 alikuwa na nyumba yake mwenyewe. Alisaidia kuanzisha makanisa. Alifariki mwaka 1950, umri wake ukiwa umepita miaka 90. Mwanawe aliitwa Robert Lee. Mtoto wa huyo ni Purnell, aliyehamia Chicago na kufanya kazi ya kupaka rangi. Binti wa Purnell ni Marian. Na binti wa Marian ni Michelle Obama. Hivyo mke wa rais wa 44 wa Marekani ni kilembwekeza wa yule mtoto wa dola 475.

Hapo pana jambo la kuumiza ukitazama upande wa pili wa nyumba ileile. Ukoo wa mumewe, kule Kogelo katika kaunti ya Siaya, huhesabiwa kwa mdomo tu: Barack mtoto wa Barack, mtoto wa Onyango, mtoto wa Obama, mtoto wa Opiyo, na wazee wakaendelea kupanda. Upande wa Michelle, wenye karatasi nyingi hivyo, ukimfikia Melvinia unasimama. Alifariki mwaka 1938, na kwenye hati yake ya kifo, mahali pa majina ya wazazi, jamaa aliyetoa maelezo alijibu kwamba hajui.

Habari hizi zilifukuliwa na mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak pamoja na gazeti la New York Times mwaka 2009. Baba wa Dolphus alibaki kitendawili hadi vizazi vya familia mbili, weusi na wazungu, vilipokubali kupima vinasaba. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 yalielekeza kwa Charles Shields, yule jirani wa kwenye sensa ya 1870. Mwaka huohuo, katika mji mdogo wa Rex, Georgia, mnara wa kumkumbuka Melvinia ulizinduliwa, na ndugu wa pande zote mbili walihudhuria na kusalimiana kwa mara ya kwanza.