Bunduki ya risasi moja: yanayosemwa Tanga na yaliyo kweli

"Hilo gobore la mzee bado lipo?"

Ndivyo ninavyoulizwa karibu kila ninapopita njia ya Tongoni kuelekea shamba, bunduki ya marehemu baba ikiwa begani. Muulizaji hana nia mbaya. Ameona bunduki kuukuu isiyo na magazini, yaani kisanduku cha akiba ya risasi, akaipa jina analolijua. Lakini jina hilo limezaa maneno mengine mengi yasiyo kweli, na kwenye silaha neno lisilo kweli laweza kumtoa mtu roho. Nimeona bora niyaandike ninayoyasikia na ninayoyajua.

"Bunduki ya risasi moja ni gobore"

Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: baruti, tambara, kisha marisau au vipande vya chuma. Mtutu wake kwa ndani ni laini kama bomba. Wazee wetu hawakuzichanganya bunduki. Walikuwa na bunduki ya mrao (utambi unaowaka), ya gumegume (jiwe la cheche), ya fataki (kidude kinachowaka kikigongwa), na iliyokuja nyuma yao wakaiita bunduki ya viasi, yaani inayolishwa kwa nyuma risasi nzima yenye ganda lake. Ya baba ni ya viasi. Ni Martini ndogo, ya namna zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, na viwanda vya BSA na Greener kwa ajili ya makadeti (vijana wanaofunzwa uaskari) wa Australia mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye nyingi ziliuzwa kwa raia, na mafundi wakazitia mitutu mipya ya risasi ndogo yenye kasi. Hii ilitiwa mtutu wa risasi iitwayo .22 Hornet. Baba aliuziwa na meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao.

Nyuma ya triga pana wenzo. Ukiusukuma chini, pande la chuma linaloziba mtutu huinama upande wa mbele, na mgongoni mwake kuna kijifereji. Unailaza risasi hapo, unaisukuma kwa kidole gumba mpaka ukingo wa ganda ukomee kwenye mtutu, kisha unarudisha wenzo juu. Ka! Imefunga, na imeshajikoki yenyewe. Ukiufungua mtutu na kuuelekeza kwenye mwanga wa dirisha, utaona ndani mifereji ikijipinda kama meno ya skrubu. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende sawa. Kwenye Hornet za zamani mpindo mmoja hukamilika katika sentimita 40 hivi, na mpindo wa pole namna hiyo hutaka risasi fupi na nyepesi, ya gramu 3 hivi. Yuko anayedhani kuwa risasi ikiwa nzito ndiyo yenye nguvu, akaitia ndefu zaidi. Hiyo haitulii angani. Hupiga karatasi kwa ubavu, na tundu linatoka refu kama kokwa ya tende.

"Ndiyo iliyomfukuza Mwingereza hapa Tanga"

Hili husemwa kwa fahari, nami ni mtu wa Tanga, naielewa fahari hiyo. Lina ukweli ndani yake. Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, wapatao 8,000, lilishuka Ras Kasone, likarudishwa baharini na watu wapatao 1,000. Na ni kweli askari wengi wa upande wa Wajerumani, ndugu zetu wa nchi hii, walishika Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya milimita 11 ya risasi moja moja.

Lakini si bunduki ile iliyoleta ushindi. Ilitumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe, na mpigaji akajulikana alipo. Kilichowasaidia ni muda: meli ya kivita ya Waingereza, HMS Fox, iliwapa Wajerumani taarifa kabla ya mashambulizi, nao wakapata nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Walikuwa na bombomu pia, yaani bunduki za rasharasha, na wapinzani wao walipigana katika mashamba na vichaka wasivyovijua. Bunduki za kisasa walizoziacha Waingereza zilitosha kuzipa silaha upya kompania 3, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa upande wa Wajerumani, hakusita kuzigawa. Asingefanya hivyo kama ile ya 1871 ingekuwa bora.

Na nyuki waliowauma askari siku ile je? Wako wanaoapa kuwa Wajerumani waliitega mizinga kwa kamba. Hapana. Mizinga ilikuwa imetundikwa mitini kama ilivyo desturi yetu, risasi zikaipasua, nyuki wakawauma wa pande zote mbili.

"Kirisasi kama hicho ni cha kupigia ndege"

Hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu neno hili huwafanya watu waache watoto wacheze mbele ya mtutu.

Unene wa risasi ya Hornet ni kama milimita 5.7 tu. Ukiiweka kiganjani huisikii uzito. Lakini hutoka mtutuni kwa mita 800 na zaidi kwa sekunde, mara mbili na zaidi ya kasi ya sauti. Maana yake, anayepigwa hausikii mlio kwanza. Risasi hiyo ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na ilipofika 1930 ilikuwa dukani. Wakulima na wafugaji wa kule waliitaka kwa ajili ya wanyama wadogo waharibifu wanaochimba malisho, ili wawapate kwa shabaha ya mbali, mita 150 hivi, katika nyanda wanakoona mpaka upeo wa macho.

Sasa leta kitu hicho kwenye minazi ya Tongoni. Ardhi ni tambarare. Kati ya mnazi na mnazi kuna njia, na nyuma ya njia kuna nyumba ya makuti ambayo huioni. Risasi iliyokosa, ikielekezwa juu kidogo, haitaisha nguvu kabla ya kilomita nzima na zaidi. Baba alikuwa na kanuni asiyoivunja: hapigi chochote ambacho nyuma yake hakuna udongo. Kichuguu, ukingo wa mtaro, tuta. Tumbili akiwa juu ya mti, nyuma yake mna mbingu, basi bunduki inabaki begani.

Upande wa pili nako pana kosa. Wanaosikia kasi ile hudhani risasi hii itamlaza nguruwe. Jirani yangu alinijia msimu wa mihogo, shamba lake limefukuliwa kama limepigwa trekta. "Kaka, njoo na ile ya mzee tummalize usiku huu." Nilikataa, akanuna. Risasi za aina hii zina gamba jembamba la nje juu ya madini ya risasi, makusudi zivunjike mara tu zinapogusa. Kwa mnyama wa kilo 3 huo ni mwisho wa papo hapo. Kwa nguruwe mwenye bega nene ni donda la juu juu, naye ataondoka nalo kichakani akateseke siku kadhaa, au akutane na mtu alfajiri anakwenda kisimani. Siwezi kufanya hivyo kwa mnyama yeyote, hata aliyekula mihogo yangu.

"Waharibifu hawana mwenyewe"

Wana mwenyewe. Wanyamapori wako chini ya sheria ya mwaka 2009, na kuwinda bila kibali ni kosa hata kama bunduki yako ina leseni safi. Ukiua ili kuokoa maisha au mali, unatoa taarifa, na mnyama ni nyara ya serikali, hapelekwi jikoni. Wakivamia shamba, anza na ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Nami naongeza la kwangu: jifunze unachokitazama. Mbega mweusi mwenye manyoya meupe mabegani chakula chake kikubwa ni majani. Nimewahi kuonyeshwa mbega kuwa ndiye mwizi wa mahindi, na nyayo mchangani zilikuwa za nyani.

"Imeshalia, basi iko tupu"

Iko tupu ukiifungua ukaona. Martini haina nyundo ya nje ya kukuonyesha imekokiwa au la. Lakini ukishusha wenzo, huhitaji kuamini neno la mtu: hakuna magazini ya kuficha risasi ya pili. Ndiyo sababu naibeba ikiwa wazi, wenzo chini.

"Ni urithi, kama minazi"

Minazi ya baba tuligawana baada ya arobaini. Bunduki haikuwamo. Leseni ni ya mtu, na aliyefariki ameondoka na yake. Niliipeleka polisi, nikaomba leseni kwa jina langu, nikasubiri kama mtu mwingine yeyote chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Shangazi aliona ni kumdhalilisha marehemu. Lakini kuiacha uvunguni kungemfanya mama, mjane wa miaka 70, awe mtu anayemiliki silaha bila kibali. Ukongwe wa bunduki haubadilishi hilo, na gobore la babu vilevile.

"Mafuta ya nazi yanatosha, na maji ni sumu"

Yote mawili si kweli. Risasi nyingi za kale, hasa za kijeshi, zilikuwa na fataki (ile ya kitakoni inayowasha baruti) inayoacha chumvi mtutuni. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na kwa hewa ya pwani hii asubuhi unakuta kutu. Mafuta hayaiyeyushi. Inayeyushwa na maji ya moto. Unapitisha maji, unakausha kabisa, ndipo unatia mafuta ya bunduki. Mafuta ya nazi huganda kukiwa na baridi kidogo, na yakikaa huchacha na kunata kwenye springi.

Na ala ya ngozi, ambayo kila mtu huisifu kwa uzuri wake, ni ya safari tu, si ya kuhifadhia. Ngozi hunywa unyevu na kuushikilia. Baba aliipenda ala yake. Alikuwa akiipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa, na bunduki ilikaa humo masika nzima mwaka alioumwa. Nilipoitoa, vidoa vya kutu vilikuwa vimeshachimba ndani, kama sentimita 5 kutoka mdomoni. Nimesugua, kutu ikatoka, vijishimo vikabaki. Bado inapiga shabaha. Lakini kila nikipitisha kitambaa, pale pale mwishoni, nausikia mkono ukikwama kidogo.