Insha ya mtihani haiandikwi nyumbani

Mwezi uliopita mtahiniwa mmoja aliniletea daftari nene, mwandiko wa kupendeza, insha kumi zimepangwa kwa mada: mazingira, elimu, rushwa, teknolojia, utandawazi, afya, vijana, jinsia, demokrasia, umaskini. "Mwalimu, zote nimeshazimeza. Mada yoyote itakayokuja, lazima iangukie humu." Nikamwuliza ameandika insha ngapi akiwa na saa mezani, juu ya mada ambayo hajawahi kuiona. Akatazama chini. Hata moja.

Kazi yangu ni kuwaandaa watu kwa mitihani ya ushindani ya utumishi wa umma, ile yenye karatasi ya insha na karatasi za masomo. Dhana potofu nazisikia nyingi, lakini hii ya daftari ndiyo inayonitoa povu. Nitaanza nayo, na sitaiacha upesi.

"Kariri insha kumi, moja haikosi kutoka"

Ugonjwa huu ni wa kale. China iliajiri maofisa kwa mitihani kwa karne nyingi, hadi utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1905, na katika enzi zake za mwisho insha ilikuwa na umbo maalumu la sehemu nane. Wachapaji wakaona biashara: wakauza vitabu vya insha zilizofaulu, na watahiniwa wakazikariri. Gu Yanwu, msomi wa karne ya 17, alifika mahali pa kusema kwamba madhara ya insha hizo ni sawa na kuchoma vitabu. Namwelewa kabisa.

Watunzi wa mitihani wa leo wanalijua daftari lako hata kabla hujalinunua. Ndiyo maana wanatunga mada zisizokaririka. Chukua mtihani wa utumishi wa umma wa India, ambao maswali yake huwekwa wazi kwa umma: karatasi ya insha ina alama 250, muda ni saa tatu, na mtahiniwa anaandika insha mbili za maneno kama 1,000 hadi 1,200 kila moja. Mwaka 2022 mojawapo ya mada zilisema, kwa tafsiri yangu, kwamba misitu ndiyo mfano bora wa kujifunzia ubora wa kiuchumi.

Mwenye daftari anafanya nini hapa? Anaona neno "misitu", moyo unamtulia, anafungua bomba la insha ya mazingira: ukataji miti, hewa ya ukaa, mikataba ya kimataifa, tupande miti kwa ajili ya vizazi vijavyo. Insha safi, ila haijajibu kitu. Mada haikuuliza tuilindeje misitu. Imesema uchumi ujifunze kwa msitu. Msitu hautupi taka, kwa kuwa jani lililoanguka ni mbolea ya mti ulioliangusha. Msitu wenye miti ya aina nyingi hustahimili ugonjwa kuliko shamba la mti mmoja, na uchumi unaotegemea zao moja unalijua hilo kwa uchungu. Mti mkubwa huwapa kivuli wadogo, lakini pia huwanyima jua, na hapo una aya nzima kuhusu kampuni kubwa na wafanyabiashara wadogo. Halafu unageuka kuihoji mada yenyewe: msitu hauna huruma, dhaifu hufa, je, uchumi nao uige hilo? Insha ilikuwa humo ndani ya mada, na mwenye daftari ameipita akikimbilia kurasa alizozikariri.

Usidhani msahihishaji haoni. Insha iliyobandikwa ina dalili zake. Neno kuu la mada linatajwa katika aya ya kwanza, linapotea, kisha linafufuka katika aya ya mwisho. Mtindo unabadilika katikati, sentensi za mtahiniwa zikipokelewa na sentensi za aliyeandika daftari. Na kwa kuwa daftari limeuzwa kwa wengi, utangulizi uleule unaonekana kwenye skripti nyingine, na nyingine, na nyingine.

Kuna mahali ambapo kamari hii ni ghali zaidi. Katika mtihani wa Pakistan, insha ya Kiingereza ni moja tu kwa saa tatu, alama 100, na ni karatasi ya lazima. Ukipata chini ya 40 umeanguka mtihani mzima, hata kama masomo mengine yote umeyafanya vizuri ajabu.

Sasa, kufanya nini badala yake. Kama una dakika 90 kwa insha moja, 20 za kwanza usiandike insha. Tafuta neno lililobeba mzigo wa mada. Jiulize ni nani mwenye akili timamu angeipinga, na angesema nini. Kisha andika sentensi moja ya msimamo juu kabisa ya ukurasa wa dondoo, kwa maneno ambayo mdogo wako wa shule ya msingi angeyaelewa. Sentensi ikikushinda, bado huna insha. Una mada tu. Ikishatoka, panga dondoo sita au saba zinazoisukuma mbele, na kila ukimaliza aya inua macho uisome tena. Wanafunzi wangu wananitania kwa sentensi hii, wengine wameniita jina lake. Waache wanitanie.

Kukariri si dhambi, tatizo ni unachokikariri. Weka kichwani mifano 30 au 40 unayoijua hadi mifupani, si insha. Mfano mmoja: kutokomezwa kwa ndui, kulikotangazwa rasmi mwaka 1980. Ukikijua kisa hicho barabara, kinakufaa kwenye mada ya ushirikiano wa mataifa (Marekani na Umoja wa Kisovieti walishirikiana humo katikati ya vita baridi), ya sayansi na imani ya wananchi, ya gharama ya kinga dhidi ya tiba, hata ya uongozi. Insha iliyokaririwa hufungua mlango mmoja, na mara nyingi si huo uliopewa.

"Lugha nzito ndiyo inayoleta alama"

Hapana. Msahihishaji ana rundo la skripti na macho yamechoka. Sentensi ya mistari mitano yenye misamiati ya kutafutwa kwenye kamusi anaisoma mara mbili kwa hasira. Na nukuu za watu maarufu mbilimbili kila aya? Nusu yake hawakuzisema. Nukuu moja unayoihoji ina kazi kuliko kumi ulizozipanga kama mapambo ya harusi.

"Ofisa wa serikali hana upande, kwa hiyo insha isiwe na msimamo"

Hii inanikera kwa sababu imevaa nguo za hekima. Mtahiniwa anaandika kurasa nne za "wapo wanaosema hivi" na kurasa nne za "lakini wapo wanaosema vile", anamaliza kwa kusema pande zote zina hoja. Ofisa wa namna hiyo atamshauri nini waziri? Kupima pande zote ni kazi ya katikati ya insha. Ukishapima, sema mizani imeangukia wapi na kwa nini, na utaje hali ambayo ingekufanya ubadili mawazo. Wanachokiogopa watahini ni matusi na ushabiki, wala si msimamo wenye hoja.

"Chagua somo la hiari linalotoa alama"

Kila mwaka kuna somo ambalo mtaani wanasema "linalipa". Mwaka unaofuata wamehamia jingine. Wanasahau kwamba wakilikimbilia wote, wanashindana humo wenyewe kwa wenyewe. Pale India, tangu mwaka 2013 mtahiniwa anachagua somo moja badala ya mawili, lenye karatasi mbili za alama 250 kila moja. Hizo ni 500 kati ya 1,750 za maandishi. Uzito huo huutegemezi kwa uvumi.

Mimi hupima hivi. Chukua maswali ya miaka mitano iliyopita ya somo unalolifikiria, uyasome bila kujibu. Ni mangapi yanakufanya utake kujua jibu? Kama mengi yanakuchosha kwa kuyasoma tu, hutalivumilia kwa miezi kumi. Shahada yako inasaidia, lakini isikudanganye: nimeona wenye shahada ya uchumi wakijibu swali la uchumi kwa lugha ya gazeti, bila nadharia hata moja, bila mchoro, bila kutaja aliyeianzisha hoja. Karatasi ya somo inasahihishwa na mtu wa somo. Anataka kusikia lugha ya fani yake.

Na, tafadhali, soma kitenzi cha swali. "Eleza", "jadili" na "tathmini" si ndugu pacha. Ukiambiwa tathmini ukaeleza, umelijibu swali ambalo halikuulizwa.

"Bora maswali machache niyajibu kwa ukamilifu"

Tupige hesabu. Karatasi ya maarifa ya jumla ya India ina maswali 20 kwa dakika 180: kumi ya alama 10 na kumi ya alama 15. Ni takribani dakika saba kwa swali dogo na kumi na moja kwa kubwa, basi. Ukilipa swali moja la alama 15 dakika 22 kwa sababu unalipenda, umekula muda wa swali jingine zima. Dakika za nyongeza labda zimekupandisha kutoka 8 hadi 9. Swali uliloliacha wazi lingekupa 5 au 6 kwa jibu la kawaida tu, kwa sababu alama za mwanzo za swali lolote ndizo rahisi kuokota. Muda ukiisha, acha mstari, nenda mbele.

Kwa hesabu hiyohiyo, wale wanaoamini kujaza kurasa huleta alama wajiulize wanazijaza kwa dakika za swali lipi.

"Kuandika nitaanza nikimaliza silabasi"

Silabasi haiishi. Sijawahi kukutana na aliyeimaliza. Ila nimekutana na wengi walioufikia mtihani wakiwa hawajawahi kushika kalamu kwa saa tatu mfululizo. Kufika saa ya pili vidole vimekakamaa na mwandiko umekuwa nyayo za kuku. Anza na insha moja kwa wiki, kwa mkono, saa ikiwa mezani, simu ikiwa chumba kingine. Mpe mtu aisome ambaye hataogopa kukuudhi. Halafu iandike upya aya iliyokushinda, hiyo moja tu.

Yule wa daftari nilimpa mada tatu za kifalsafa, zile ambazo hakuna daftari linaloziweza. Ya kwanza ameniletea juzi: kurasa nne badala ya nane, mikwaruzo kila mahali, hitimisho halipo kwa sababu muda ulimwishia. Lakini juu ya ukurasa wa dondoo kuna sentensi moja fupi, na aya tatu za mwanzo zinaifuata kweli. Nimeijaza wino mwekundu nikamrudishia. Ya pili inakuja Jumamosi.