Katuni za kina Fleischer: yasemwayo na yaliyo kweli

Dhana: Katuni ya kwanza yenye sauti ni Steamboat Willie ya Disney.

Ukweli: Hiyo ilionyeshwa New York Novemba 1928. Kufikia 1926, katika jiji hilohilo, ndugu wawili watengenezaji katuni, Max na Dave Fleischer, walishatoa katuni zenye sauti kwa Phonofilm, mfumo wa mvumbuzi Lee de Forest wa kurekodi sauti kwenye filamu yenyewe. Zilikuwa za kuimbisha ukumbi mzima: maneno ya wimbo kwenye pazia, kimpira kikirukaruka juu yake.

Dhana: Rotoskopu, yaani kuchora katuni kwa kufuatisha filamu ya mtu halisi, ni uvivu wa mchoraji.

Ukweli: Anayesema hivyo hajawahi kuijaribu. Max alipata hataza yake 1917. Mtu hupigwa filamu, kisha fremu moja moja humulikwa chini ya kioo na mchoraji akafuatisha umbo kwenye karatasi. Kwa fremu 24 kwa sekunde, dakika moja ni fremu 1,440. Hata mchoro mmoja ukitumika kwa fremu mbili, bado ni michoro 720. Karatasi hutobolewa na kushikizwa kwenye vijiti, maana ikiteleza kidogo tu mhusika hutetemeka. Na ukifuatisha kila mkunjo wa nguo, anakuwa mzito, hana uhai. Katika Minnie the Moocher (1932) waliukwepa mtego huo: walichukua mwendo wa mwanamuziki wa jazi Cab Calloway wakauvisha mzimu wa walrasi, mnyama wa baharini mwenye pembe ndefu mdomoni.

Dhana: Katuni za kina Fleischer zilikuwa za watoto.

Ukweli: Zilitangulia filamu kuu, mbele ya watu wazima. Kanuni za maadili za Hollywood zilipokazwa 1934, Betty Boop, mhusika wao wa kike maarufu, alirefushiwa gauni.

Dhana: Rangi za katuni yao Poor Cinderella (1934) zimepauka kwa uzee.

Ukweli: Nakala mbovu zipo, ila filamu yenyewe ilizaliwa na rangi mbili. Disney alikuwa na haki ya pekee ya kutumia Technicolor, mfumo wa filamu wa rangi tatu, kwenye katuni, hivyo kina Fleischer wakatumia Cinecolor, mfumo wa rangi mbili: nyekundu ya kuelekea chungwa, na bluu ya kuelekea kijani. Zambarau na njano safi hazitoki humo, kwa hiyo anayeziongeza kwa kompyuta anaiharibu. Afadhali uangalie mandhari ya nyuma. Baadhi si michoro, ni vijumba vya kweli juu ya meza ya kuzunguka. Mchoro husimamishwa mbele yake kati ya vioo, na meza husogezwa kidogo kila fremu. Vya karibu hupita haraka, vya mbali polepole.