Bayodizeli Huanzia Kwenye Dumu la Mafuta Machafu

Wengi wanaotujia kutaka ushauri wa kugeuza mafuta ya kupikia yaliyotumika kuwa bayodizeli, yaani mafuta ya kuendeshea injini za dizeli, huanza kwa kuulizia mtambo. Sisi huwarudisha nyuma kidogo: mafuta utayapata wapi, na yatakuwa katika hali gani? Malighafi ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya gharama, na ndiyo inayoamua kama utapata mafuta ya gari au sabuni.

Kazi yenyewe haina miujiza. Mafuta yaliyochujwa na kuondolewa maji hupashwa moto hadi nyuzi joto 60 hivi za Selsiasi, yakachanganywa na methanoli (aina ya alkoholi) pamoja na kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mabadiliko, mara nyingi kostiki soda. Lita 100 za mafuta huhitaji takriban lita 20 za methanoli. Mchanganyiko ukiachwa utulie, gliserini, kimiminika kizito kinachotoka pamoja nayo, huzama na bayodizeli hubaki juu, ikisubiri kusafishwa na kukaushwa.

Tatizo ni kwamba mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa na maji na asidi huru, yaani asidi za mafuta zilizojitenga na mafuta yenyewe. Asidi hiyo ikikutana na kostiki hutoka sabuni, na maji huzidisha balaa: tabaka hazitengani, mavuno yanapungua. Asidi ikizidi asilimia 2 au 3, hulazimu kuyatibu kwanza kwa methanoli na asidi ya salfuriki, gharama juu ya gharama. Kwa hiyo pima kila pipa kabla ya kulimimina kwenye tangi kubwa. Kipimo cha asidi ni rahisi na cha haraka. Pipa moja bovu huharibu tangi zima. Mafuta ya injini yasiingie kabisa, kwa kuwa hayageuki kuwa bayodizeli.

Methanoli ni sumu inayoweza kupofusha, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Anayejaribu jambo hili jikoni anajitafutia msiba.

Gliserini ghafi nayo isihesabiwe mapema kama faida, maana hutoka na methanoli na sabuni ndani yake, na kuisafisha ni kazi nyingine.

Kwa upande wa soko, wanunuzi makini hudai vipimo vya maabara kulingana na viwango vya ubora wa bayodizeli kama EN 14214 vya Ulaya au ASTM D6751 vya Marekani. Pia huuliza asili ya mafuta, kwa sababu wapo wanaopitisha mafuta mapya kwa jina la yaliyotumika ili wanufaike na motisha za serikali. Andika basi kila dumu limetoka kwa nani, lini, na lita ngapi, tangu siku ya kwanza ya kukusanya.