Kamera Inasaidia Kuacha Pombe, Lakini Usianze na Kamera

Swali: Uraibu wa pombe ni nini hasa?
Ni ugonjwa. Mtu anapanga chupa mbili anamaliza sita, anajua inamuumiza na bado anakunywa, na asipoipata mwili unamdai. Kumwita mlevi asiye na aibu hakujawahi kumponya mtu.

Swali: Kupiga picha kunasaidiaje?
Hamu ya pombe hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30. Kazi ni kuzivuka hizo dakika. Kamera inashika macho, mikono na akili kwa pamoja: mwanga unatoka wapi, nisogee wapi, nisubiri nini. Tena inajaza saa za jioni, zile alizozoea kukaa na glasi.

Swali: Basi nimpe kamera, nimfungie ndani, aache leo leo?
Hapana. Anayekunywa kila siku, na hasa anayeamka anatetemeka mpaka azimue, asikatishwe pombe ghafla nyumbani. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kumpata ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo na kupata homa, na hali hiyo inaua. Mpelekeni hospitali kwanza. Huko atapewa dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

Swali: Lakini si ni sumu inatoka mwilini?
Hapana, na tunaomba neno hili liachwe. Huo ni ubongo uliozoea kutulizwa na pombe, sasa umebaki bila breki. Watu wanaletwa siku ya tatu, wamefungwa kamba, kwa sababu familia ilisubiri "sumu iishe". Usisubiri. Akianguka degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, na safari ya hospitali ianze wakati huo huo. Dawa za usingizi za kununua mwenyewe ni hatari nyingine: zikikutana na pombe zinaweza kukata pumzi.

Swali: Ametoka hospitali, mikono bado inatetemeka. Apigeje picha?
Simu inatosha. Ashike kwa mikono miwili, viwiko vibanwe mbavuni, aegemee ukuta, kisha aweke kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise simu. Apige kwenye mwanga wa kutosha, maana gizani kamera inachukua muda mrefu na kila mtetemo unaonekana.

Aanze na kitu kimoja kisichokwenda popote. Kikombe cha kioo chenye maji, kikiwa dirishani, kinatosha kwa wiki nzima: asubuhi mwanga unapita ndani ya maji na kuchora mstari mweupe mezani, mchana mstari umepotea, jioni kivuli cha mpini kimerefuka. Aguse kikombe kwenye kioo cha simu ili kamera ikilenge, apunguze mwangaza kidogo, apige 5, abakize 1. Chini yake aandike saa, na hamu ilikuwa ngapi kati ya 0 na 10. Baada ya wiki mbili mshauri wake wa kliniki ataona wazi saa zinazomponza.

Swali: Wengi wanakosea wapi?
Wanakwenda kupiga picha njia ile ile inayopita baa. Wanakubali kazi za harusi mwezi wa kwanza, na glasi zinapita mbele yao usiku kucha. Wengine wanazitundika mtandaoni, zikikosa wa kuzisifu wanavunjika moyo na kurudi kwenye chupa. Picha hizi ni za mpigaji na mshauri wake. Na kliniki isiachwe eti kwa kuwa picha zimekuwa nzuri.

Swali: Akirudia kunywa?
Aseme mapema, bila kufokewa. Ikiwa amekunywa mfululizo kwa siku kadhaa, asijikatishe mwenyewe mara ya pili kwa kuwa mara ya kwanza alipona. Kila awamu ya kukata ghafla inaweza kuwa kali kuliko iliyotangulia. Arudi hospitali kwanza. Kikombe kitamsubiri dirishani.